Mita 18 kwa sekunde 45: kisa cha mzamiaji aliyeumizwa na gesi mara mbili

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika ajali za wazamiaji wa burudani. Si habari ya mtu mmoja anayetambulika, na kina na muda vimechaguliwa ili msomaji aweze kuzifuata hesabu mwenyewe.

Yaliyotokea

Mzamiaji ni mwanamume wa miaka 41, mwenye afya njema, havuti sigara, ana cheti na uzoefu wa wastani. Siku hiyo alizamia mara mbili kwa hewa ya kawaida. Mara ya kwanza alikaa dakika 18 kwenye mita 26, akapanda taratibu, akasimama dakika 3 kwenye mita 5. Hapo kwenye mita 5 alihangaika kutulia, kwani mwili ulikuwa ukivutwa juu. Akahitimisha kwamba risasi, yaani vipande vya madini mazito vya kumsaidia kuzama, hazitoshi, na wakati wa mapumziko ya dakika 55 akaongeza kilo 4 kwenye mkanda, kutoka kilo 6 hadi 10.

Mara ya pili alikaa dakika 21 kwenye mita 24. Kompyuta ya kuzamia aliyoivaa mkononi ilionyesha bado hajafika kikomo cha kulazimika kusimama njiani. Alianza kupanda vizuri, na alipofika mita 18 akabonyeza kitufe cha kutoa hewa kwenye jaketi la kuelea. Mwili wake ulikuwa umelala, bomba la jaketi ameliinua usawa wa kifua tu. Hewa haikutoka. Kufikia mita 16 alikuwa tayari anavutwa. Kutoka mita 18 hadi juu alitumia sekunde 45, yaani wastani wa mita 24 kwa dakika, wakati mwendo unaopendekezwa sana ni mita 9 kwa dakika. Mita 6 za mwisho zilipita kwa sekunde zisizozidi 10. Mwenzake aliyekuwa akimtazama kutoka chini alisema viputo vilikatika kabla hajafika juu: alikuwa ameuma regulata, kile kifaa cha kupumulia cha mdomoni, pumzi ameibana.

Juu ya maji alionyesha ishara kwamba yuko salama. Dakika ya 3 alianza kutamka maneno yasiyoeleweka na mkono wa kushoto ukalegea. Wakamvuta botini, wakamlaza chali, na dakika ya 11 wakamwekea oksijeni kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, kutoka mtungi wa lita 3 uliojazwa kwa shinikizo la bar 150. Dakika ya 30 mkono ulikuwa umerudi na maneno yamenyooka. Dakika ya 38 wakafunga oksijeni. Mgonjwa alionekana mzima, na mtungi ulikuwa unakaribia kwisha. Akaketi, akatembea, akasaidia kupanga vifaa.

Baada ya saa 2 alipata maumivu ya mgongo yaliyozunguka kiwiliwili hadi tumboni. Wakasema ni uzito wa mitungi. Saa 3 na nusu, nyayo zikafa ganzi. Saa ya 5 miguu ilikuwa mizito, tumbo la chini limejaa, na mkojo hautoki. Ndipo alipopelekwa hospitali. Huko walikuta nguvu za miguu zimepungua kiasi cha kushindwa kuhimili upinzani wowote, hisia zimefifia kuanzia kitovuni kushuka, na kibofu kikiwa na mililita 900 zilizotolewa kwa mpira wa mkojo. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na ngozi ya juu ya mifupa ya mtulinga ilitoa mchakacho mdogo ikibonyezwa. Eksirei ilionyesha hewa katikati ya kifua, lakini pafu halikuwa limesinyaa. Aliingizwa kwenye chumba cha shinikizo saa ya 8 tangu atoke majini.

Risasi za ziada, na kwa nini zilimpeleka juu

Watu wengi wakisikia kwamba kilo 4 za risasi ndizo zilizompeleka mtu juu, huona ni kinyume cha mambo. Uzito humzamisha mtu, ndiyo. Lakini ili asizame zaidi analazimika kuusawazisha kwa hewa ndani ya jaketi, na uzito wa risasi haubadiliki anapopanda, ilhali hewa hubadilika.

Shinikizo usawa wa bahari ni karibu bar 1, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza bar 1. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba ujazo wa gesi hupungua kwa kadiri shinikizo linavyoongezeka, joto likibaki lilelile. Kwenye mita 18 shinikizo ni bar 2.8. Tuseme kwa risasi kilo 6 mtu huyu alihitaji lita 3.5 za hewa kwenye jaketi ili atulie. Kilo 4 za ziada, ukiondoa nguvu ya maji inayoinua risasi zenyewe, zinadai lita nyingine 3.5 hivi. Jumla lita 7.

Akipanda mita 2 tu, hadi mita 16 penye bar 2.6, lita 7 zinakuwa 7.54. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu kilo ya nguvu ya kuinua, bila kuhesabu vazi la mpira ambalo nalo linatanuka. Angekuwa na lita 3.5, ongezeko lingekuwa robo kilo, kitu ambacho mtu hukidhibiti kwa kutoa pumzi. Kwenye mita 10 lita 7 zimekuwa 9.8. Kwenye mita 5 zimepita 13. Kila mita anayopanda inaongeza kasi, na kasi inampunguzia muda wa kurekebisha.

Na je, zile kilo 4 zilihitajika? Karibu hakika hapana. Mtungi wa lita 12 ukishuka kutoka bar 200 hadi 50 umepoteza lita 1,800 za hewa, ambazo zina uzito wa kilo 2 na kidogo, kwa hiyo ni kweli mzamiaji huwa mwepesi mwishoni. Lakini mtu anayezamia akiwa amelala na kutoa hewa akiwa hivyohivyo huacha kifuko cha hewa kwenye sehemu ya jaketi iliyo juu zaidi wakati huo, yaani mgongoni au kiunoni, mbali na mdomo wa bomba. Hiyo ndiyo hewa iliyomvuta mara ya kwanza. Kosa lilelile la mkao lilimfanya aongeze risasi, risasi zikadai hewa zaidi, kisha mkao uleule ukamzuia kuitoa. Vifaa vilipokaguliwa baadaye vilikuwa vizima: vali ya kujazia haikuwa imekwama, na vali ya nyuma ilifunguka ilipovutwa.

Kipimo cha uzito hufanywa mwishoni mwa kuzamia, mtungi ukiwa na bar 50, kwenye mita 5, jaketi likiwa limetolewa hewa yote mtu akiwa amesimama wima. Kama anatulia kwa pumzi ya kawaida, risasi zinatosha. Na mvuto ukishaanza, kinachofanya kazi ni kusimama wima, kunyoosha bomba juu kabisa ya kichwa na kubonyeza, au kuvuta kamba ya vali ya nyuma kama miguu ndiyo iliyo juu. Kutandaza mikono na miguu ili maji yapunguze kasi. Na kutoa pumzi mfululizo hadi juu. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mengine yote.

Jeraha la kwanza: pafu

Kutoka mita 40 hadi 30 gesi hutanuka kwa asilimia 25. Kutoka mita 20 hadi 10, asilimia 50. Kutoka mita 10 hadi juu huwa maradufu. Ndiyo maana mtu anaweza kuchanika pafu katika bwawa la kuogelea, ilimradi anapumua hewa ya mtungi. Ikiwa mapafu yamejaa na koo limefungwa, tofauti ya mita 1 hadi 1.2 ya maji inatosha kuvipasua vifuko vidogo vya hewa.

Kwa mzamiaji wetu, tuseme alibana pumzi kwenye mita 6 akiwa na lita 5 kifuani. Shinikizo hapo ni bar 1.6. Kwenye mita 2 hewa hiyo inataka lita 6.7, na juu inataka lita 8. Kifua cha mtu mzima wa wastani hubeba karibu lita 6. Kilichozidi kikatafuta njia, na njia zilikuwa mbili. Sehemu ilipenya kandokando ya mirija ya hewa hadi katikati ya kifua, ikapanda shingoni. Huo ndio mchakacho chini ya ngozi na ile sauti iliyobadilika. Sehemu nyingine iliingia kwenye vena za mapafu, ikafika upande wa kushoto wa moyo, na kutoka hapo ikasukumwa hadi kwenye ateri za ubongo.

Muda wa dalili ndio unaoitambulisha embolia ya gesi, yaani viputo vinavyoziba mishipa ya damu. Dalili za ubongo zinazotokea ndani ya dakika 10 baada ya kufika juu, kwa mtu aliyekuwa akipumua gesi yenye shinikizo, zichukuliwe kuwa embolia hadi ithibitike vinginevyo. Zipo sababu nyingine za mtu kuchanganyikiwa au kuona kizunguzungu, na barotrauma, yaani jeraha la shinikizo, ya sikio la ndani ni mojawapo. Lakini sikio halilegezi mkono.

Jeraha la pili: nitrojeni

Hapa ndipo swali gumu lilipo: kompyuta ilisema yuko ndani ya kikomo, sasa neva za uti wa mgongo zimepataje ugonjwa wa dikompresheni, ule wa nitrojeni kugeuka viputo mwilini shinikizo linaposhuka?

Hewa ina asilimia 79 za nitrojeni. Kwenye mita 24, bar 3.4, nitrojeni peke yake ina shinikizo la bar 2.69, na kiasi kinachoyeyuka mwilini hufuata shinikizo hilo. Ndiyo kanuni ya William Henry ya mwaka 1803. Haifiki tishu zote kwa kasi moja. Watafiti Boycott, Damant na Haldane, katika kazi yao ya mwaka 1908 iliyofanywa kwa mbuzi, waligawa mwili katika makundi matano ya tishu yenye nusu-muda, yaani muda wa kujaza nusu ya nafasi iliyobaki, wa dakika 5, 10, 20, 40 na 75. Modeli ya Bühlmann inayotumika katika kompyuta nyingi za leo ina makundi 16, kuanzia dakika 4 hadi 635.

Ukikokotoa mbizi zote mbili kwa makundi matatu ya mfano, mabaki ya nitrojeni ya mara ya kwanza yakiwemo, mwishoni mwa dakika 21 utapata takriban hivi: kundi la dakika 5 lina bar 2.58, la dakika 20 lina bar 1.84, la dakika 40 lina bar 1.5. Nitrojeni ya hewa tunayopumua juu ya maji ni bar 0.79. Makundi yote hayo yamebeba ziada kubwa, na yote yako chini ya viwango ambavyo modeli ya Bühlmann huviruhusu juu ya maji. Kompyuta haikukosea.

Kilichovunjika ni masharti ambayo hesabu hiyo imeegemea. Sharti la kwanza ni kasi: vikomo vimekokotolewa kwa mtu anayepanda taratibu, na dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 huzipa tishu za kasi nafasi ya kujipunguzia mzigo. Huyu hakupata hata moja. Sharti la pili halizungumzwi sana. Viputo vidogo kwenye vena ni jambo la kawaida hata baada ya kuzamia kusiko na kasoro; mapafu huvichuja, mtu akaenda zake. Siku hiyo mapafu yenyewe yalikuwa yanamwaga gesi upande wa ateri. Kiputo kinachofika kwenye tishu iliyosheheni nitrojeni hakibaki na ukubwa wake. Nitrojeni ya jirani inaingia ndani yake na kukikuza. Baadhi ya madaktari wa uzamiaji huuita mchanganyiko huu aina ya tatu, kwa kuwa embolia na ugonjwa wa dikompresheni hukuzana, na huwa mkaidi zaidi kutibu.

Maumivu yanayozunguka kiwiliwili, ganzi ya nyayo, kisha mkojo kukwama: mfuatano huo ni wa uti wa mgongo. Mzamiaji asiyeweza kukojoa baada ya kutoka majini ana dharura ya neva, hata kama anatembea.

Dakika ya 38

Kama kuna uamuzi mmoja uliobadilisha mkondo wa kisa hiki, ni kufunga oksijeni. Huwezi kuwalaumu sana waliokuwepo. Mgonjwa alikuwa anacheka. Lakini nafuu ya mapema ni tabia ya embolia yenyewe: kiputo kinasogea, damu inapita, mkono unarudi. Kuta za mishipa zilizokwaruzwa zimeanza kuvimba, na dalili zinaweza kurudi baada ya muda. Oksijeni safi huondoa nitrojeni katika hewa ya mapafu, hivyo nitrojeni iliyo kwenye tishu na viputo hupata mteremko mkali wa kutoka. Ukiifunga, mteremko huo unapotea wakati bado kuna kazi.

Kwa hiyo oksijeni huendelea hadi mgonjwa akabidhiwe kwa daktari mwenye uwezo wa kuamua kuhusu chumba cha shinikizo, dalili ziwepo zisiwepo. Hilo linahitaji hesabu kabla ya boti kung'oa nanga. Mtungi wa lita 3 kwa bar 150 una lita 450, yaani dakika 30 kwa lita 15 kwa dakika. Saa moja inahitaji lita 900. Saa tatu lita 2,700, sawa na mtungi wa lita 13.5 kwa bar 200. Kifaa cha kutoa oksijeni mtu anapovuta pumzi tu hutumia kidogo zaidi ya kile anachopumua, mara nyingi chini ya lita 10 kwa dakika, na hakivujishi kama barakoa. Boti inayokwenda mbali na ufuko bila mojawapo ya hivi viwili imebeba oksijeni ya maonyesho.

Mengine ya huduma ya kwanza ni machache. Mlaze chali, asiketi wala kutembea. Kama hana fahamu, ubavu. Usimlaze kichwa chini miguu juu: mkao huo ulipendekezwa zamani na umeachwa, kwa kuwa huongeza uvimbe wa ubongo. Kama ana fahamu kamili na anaweza kumeza, mpe maji au kinywaji cha chumvi na sukari. Asipewe gesi ya nitrasi oksaidi kutuliza maumivu, maana huingia kwenye viputo na kuvikuza. Asirudishwe majini ili "kubana viputo": mgonjwa anayeweza kupooza au kupoteza fahamu hana kazi chini ya maji. Rudia kipimo cha neva kila nusu saa na uandike saa: jina na tarehe, macho kufuata kidole, tabasamu, kushika mikono, kuinua miguu, hisia za ngozi, mkojo. Maandishi hayo ndiyo ambayo yangeonyesha mapema kwamba miguu inapungua nguvu huku kila mtu akitazama mkono. Akisafirishwa kwa helikopta, iruke chini ya mita 300 kadiri usalama unavyoruhusu, na barabara ya mlimani ihesabiwe vivyo hivyo. Kompyuta yake isizimwe wala kutumiwa na mtu mwingine.

Ndani ya chumba cha shinikizo

Kabla ya kumfungia, madaktari walihakikisha hana hewa iliyokwama kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hewa hiyo hubanwa wakati wa kushuka, kisha hutanuka wakati wa kurudi, na hapo inaweza kuua. Kifuko cha mpira wa mkojo kinachojazwa ndani ya kibofu kilijazwa maji badala ya hewa.

Walitumia Jedwali la 6 la Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mgonjwa hushushwa hadi shinikizo la mita 18, bar 2.8, akipumua oksijeni safi kwa vipindi vya dakika 20, kila kimoja kikifuatwa na dakika 5 za hewa. Baada ya vipindi vitatu hupandishwa kwa dakika 30 hadi mita 9, na huko hukaa vipindi viwili vya oksijeni vya dakika 60, kila kimoja na dakika 15 za hewa, kisha dakika 30 za kurudi juu. Jumla ni dakika 285 bila nyongeza. Mapumziko ya hewa yapo kwa sababu oksijeni ya bar 2.8 inaweza kuleta degedege. Kwa mtu aliyelala pakavu hatari hiyo inavumilika, majini isingevumilika.

Wengi hudhani chumba kinafanya kazi kwa kuponda viputo. Kwa sehemu tu. Kwenye bar 2.8 ujazo wa kiputo hushuka hadi asilimia 36, lakini kipenyo chake hubaki asilimia 71 ya kile cha awali. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na oksijeni: inafukuza nitrojeni, inafika kwenye neva ambazo damu haizifikii vizuri, na inapunguza uvimbe.

Hisia zilianza kurudi katika kipindi cha pili, kwa hiyo muda wa mita 18 ukaongezwa. Siku zilizofuata alirudishwa chumbani kila siku hadi vipindi viwili mfululizo vikapita bila mabadiliko. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa kuamua pa kukomea. Alitoka akitembea bila msaada, mguu mmoja ukiwa dhaifu kidogo, na kibofu kikimwagika polepole kuliko zamani.

Kuhusu kuzamia tena, vipimo viwili vinatangulia mjadala wowote. Kimoja ni cha moyo, kutafuta kitundu kati ya vyumba viwili vya juu ambacho karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne anacho; hakikusababisha embolia ya dakika ya 3, lakini kingeweza kuongeza viputo upande wa ateri. Cha pili ni CT skani ya kifua. Udhaifu wa mguu na kibofu ukibaki, jibu ni hapana, kwa kuwa neva zilizobaki hazina akiba ya kupoteza. Na skani ikionyesha kifuko cha hewa kilichofungiwa ndani ya pafu, jibu ni hapana hata kama mguu umepona kabisa.